"Sulti" si kusema tu

Kama unajifunza Kisebuano, lugha ya Ufilipino, nakuomba unisikilize kwa neno moja: sulti. Kila orodha ya maneno itakuambia kwamba maana yake ni "kusema", na orodha haidanganyi. Ila ukilibeba hivyo, peke yake, siku moja litakuangusha. Mimi liliniangusha Dumaguete, mbele ya mzee ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya familia moja huko, kisiwani Negros. Kisebuano, ambacho wenyewe mitaani hukiita Bisaya au Binisaya, kinasemwa na watu zaidi ya milioni 15, kuanzia Cebu na Bohol hadi sehemu kubwa ya Mindanao. Nilishajua kuuliza bei, na sokoni asubuhi niliweza kuagiza puto maya, ule wali wa kunata wa nazi, pamoja na sikwate, chokoleti yao ya moto. Nikajiona nimefika.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Nanay, alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu. Akachungulia mlangoni, akamwonyesha mumewe kwa kuchongoa midomo, akaninong'oneza: "Ayaw siya sultihi, ha?" Ayaw nilijua ni katazo. Siya ni yeye. Sulti ni kusema. Nikaunganisha mwenyewe: usiseme naye. Nikadhani wamegombana, na mimi naombwa nisimame upande wa mama.

Siku mbili nilimkwepa huyo mume, ambaye tulimwita Tatay. Akinisalimu "Maayong buntag", nainamisha kichwa napita. Jioni ya pili nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mbele na vikombe viwili vya kahawa. Chake kilikuwa kitupu, na changu kilikuwa kimepoa kando yake. Sikukaa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kumbe Nanay alikuwa anamwandalia siku yake ya kuzaliwa kwa siri. Alichoniambia ni "Usimwambie."

Sasa tazama kilichonipita, kwa sababu kwa Mswahili si kigumu. Sisi tuna andika na andikia, leta na letea. Ile -ia inamwingiza mtu ndani ya kitenzi. Kisebuano nacho kinabadilisha viambishi kulingana na kile kinachotangulizwa. Mosulti inamtanguliza msemaji: "Mosulti ko" ni nitasema. Isulti inatanguliza lile jambo: "Ayaw isulti" ni usilitamke. Sultihan inamtanguliza anayeambiwa: "Sultihan nako siya ugma" ni nitamwambia kesho. Hiyo -an ya mwisho ndiyo ndugu wa -ia yetu. Ikishatendeka, unaweka gi- mbele: "Gisultihan ko niya", aliniambia.

Ukitoa amri, ukikataza, au ukikana jambo lililopita, -an inageuka -i. "Sultihi ko", niambie. "Ayaw siya sultihi", usimwambie. "Wala nako siya sultihi", sikumwambia. Kile kisilabi kidogo cha -hi ndicho nilichokiacha kipite sikioni, na ndicho kilichokuwa na maana yote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiandike "sulti = sema" kwenye daftari. Andika "sultihi ko = niambie" na "ayaw isulti = usiseme hilo", sentensi nzima, halafu zitumie siku hiyo hiyo kwa mtu aliye mbele yako. Mimi niliyajua maneno mia na bado nikamsusa mzee wa watu.

Utakutana pia na ingon, ambayo majumbani utaisikia kila saa. "Ingna siya" ni mwambie. "Unsay iyang giingon?" ni alisema nini? Hapa angalia matamshi: ng yao ni ng' yetu, ya ng'ombe. Hata wakiandika ngano, wanamaanisha "kwa nini", nayo hutamkwa ng'ano. Kuongea kwa maana ya kupiga soga ni istorya, neno lililobaki tangu enzi za Wahispania. Kama ningekuwa nimekatazwa kuzungumza na Tatay, huenda ningesikia istorya badala ya sulti. Na ukitaka kupitisha habari usiyoishuhudia, chomeka kuno: "Moabot kuno siya ugma", eti atafika kesho. Nililipenda neno hilo mara moja, maana bila "eti" mimi siwezi kusimulia.

Siku ya sherehe, tambi za pancit zikiwa mezani, nilimfuata Tatay kwenye zile ngazi nikamweleza yote kwa Kisebuano changu cha kuungaunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu: "Ngano wala ko nimo sultihi?" Kwa nini hukuniambia? Safari hii nilielewa kila kiungo cha swali.

Akanifundisha tika, neno moja linalobeba "mimi" na "wewe" kwa pamoja, kama ni-ku- yetu. Sultihan tika, nitakuambia. Alinirudisha mara tatu mpaka likakaa sawa mdomoni, kisha akaniita kwa mkono nikakae, akamimina kahawa.