Kwa nini nimlipe mwongozaji, kisha nimrudishe samaki majini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Orlando, Florida. Wenzangu kazini wamenialika kuvua Mosquito Lagoon pamoja na nahodha mwongozaji wa kulipwa, nao wananiambia kwamba samaki mwekundu (yule aitwaye redfish kwa Kiingereza) tutakayempata ni lazima arudishwe majini. Je, kuna haja gani ya kumlipa mtu anipeleke kwenye maji yasiyonifika kifuani, kisha nirudi mikono mitupu?

JIBU: Ndugu msomaji, uzoefu wa Tanga utakufaa kwa kufunga ndoano, lakini si kwa kusoma maji yale. Mosquito Lagoon ni sehemu ya kaskazini ya Indian River Lagoon, ukanda wa maji ya chumvi wenye urefu wa kilomita 250 hivi, ambao kina chake cha wastani ni kama mita 1.2 tu. Huko maji hayapwi na kujaa kama ulivyozoea. Upepo ndio unaoyasukuma upande huu au ule, hivyo mahali palipokuwa na samaki jana pengine leo hapaelei hata mashua. Nahodha anayejua mambo hayo huzima injini mapema, akapanda jukwaa dogo lililoko tezini, akaisogeza mashua kwa upondo huku akitafuta, kwa miwani inayokata mng'ao wa maji, mkia wenye doa jeusi unaochomoza pale samaki anapoinamisha kichwa kutafuta kaa na kamba. Hapo ndipo atakapokuelekeza pa kutupa chambo. Unachomlipa, kwa hakika, ni macho yake na utulivu wake.

Upondo hauhusu ukimya peke yake. Panga za injini hung'oa mizizi ya nyasi za baharini, na kovu la namna hiyo huweza kuchukua miaka kufunikwa. Nyasi hizo tayari zimeumia vibaya: kuanzia mwaka 2011, mwani mdogo uliostawi kwa mbolea na majitaka uliufanya mwanga usifike chini, na sehemu kubwa ya nyasi ikafa. Mwaka 2021 manatii zaidi ya 1,000, ambao ni jamaa wa nguva wetu, walikufa katika jimbo la Florida, na wengi wa wale wa ukanda huo walikufa kwa njaa, kwa kuwa nyasi hizo ndizo chakula chao. Samaki mwekundu naye hukulia katika nyasi hizo, ndiyo sababu mamlaka ya jimbo ilipiga marufuku kumchukua katika eneo hilo kuanzia Septemba 2022. Ninaiunga mkono amri hiyo bila kusita, ingawa ninafahamu ugumu wake kwa mtu aliyelelewa kuvua kwa ajili ya chungu.

Basi mrudishe akiwa na uwezo wa kuishi. Usimchezeshe mshipini kwa muda mrefu, hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji ya moto huwa na oksijeni kidogo; lowesha mikono kabla ya kumshika, mkingie tumbo kwa kiganja, na picha ipigwe upesi.

Kama nia yako ni kitoweo, mwambie nahodha mapema, kwa sababu wapo samaki wa aina nyingine wanaoruhusiwa kwa vipimo na idadi maalumu. Kanuni hubadilika, hivyo zihakikishe kabla ya safari. Leseni ya uvuvi usiinunue kwa ajili ya siku hiyo, kwani leseni ya nahodha huwahusu pia abiria wake wanaolipa.