Kuhamisha leseni ya ufundi ndege kwenda Ulaya

Kwa uliyeuliza kama leseni yako ya B1.1 (ya fundi wa mitambo ya ndege za injini za tabini) ya nyumbani inabadilishwa moja kwa moja kuwa ya EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya: hapana. Ulaya hawabadilishani leseni na nchi nyingi, hata kama moduli (masomo ya mtihani) zina namba zilezile. Utafanya mitihani yao upya, alama ya kufaulu ni 75%, na ombi lako lazima liingie kabla mtihani wowote haujatimiza miaka 10.

Lakini wengi hawakwami kwenye mitihani. Wanakwama kwenye daftari la kazi. Bila chuo kilichoidhinishwa na EASA, B1.1 inadai uzoefu wa hadi miaka 5, na ukiandika "nilisaidia ukaguzi" umejichongea. Kila mstari uwe na tarehe, usajili wa ndege, aina yake, sura ya ATA (namba ya mfumo wa ndege ulioshughulikia), namba ya kadi ya kazi, na sahihi ya fundi aliyeidhinisha pamoja na namba ya muhuri wake. Mfano: "ATA 32, kubadilisha breki namba 3, kutoa hewa kwenye haidroliki, kupima uvujaji." Changanya sura, kurasa arobaini za matairi hazimshawishi mkaguzi. Na kusanya sahihi kabla hujaacha kazi, maana waliokusimamia nao huhama.

Leseni ikitoka bila aina ya ndege juu yake, hutaruhusu ndege kubwa kuruka. Unahitaji kozi ya aina husika, nadharia na vitendo, kisha idhini ya kusaini kutoka kwa mwajiri mwenyewe.