Hatifungani za nyumba za Marekani: soma ukomo wake kabla ya riba

Nimekuwa nikinunua hatifungani (hati za mkopo zinazomlipa mnunuzi riba) za mawakala wa fedha za makazi wa majimbo ya Marekani, yaani mashirika ya majimbo yanayokopa ili kugharamia mikopo ya nyumba, na waraka wa matoleo huanza kuusoma pale wengi wanaporuka: yale maandishi mazito ya ukurasa wa kwanza. Husema, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu, kwamba deni hili si deni la jimbo na wala kodi za jimbo hazikuwekwa rehani. Anayekulipa ni wakala, tena kwa marejesho ya mikopo ya nyumba. Jina la jimbo kwenye jalada lisikupumbaze.

Mambo haya yana chimbuko. Katiba ya New York inataka wapigakura waidhinishe kwanza deni la jimbo, nao walishakataa kukopea nyumba. Mwaka 1960, chini ya gavana Nelson Rockefeller, ukaundwa wakala wa fedha za makazi, na mwanasheria John Mitchell akabuni njia ya kupitia pembeni: mfuko wa akiba wa wakala ukipungua, bunge la jimbo litaombwa kuujazia, ila kisheria halilazimiki. Februari 1975 shirika jingine la jimbo hilohilo, Urban Development Corporation, lilishindwa kulipa hati za muda mfupi za zaidi ya dola milioni 100. Deni lilikuja kulipwa, lakini waliolala usingizi wakidhani jimbo limewasimamia waliamka.

Kuna pia ukomo wa serikali kuu. Ili riba isitozwe kodi ya mapato ya shirikisho, kila jimbo hupewa mgawo wa mwaka, yaani kiasi cha juu cha hatifungani za aina hii zinazoweza kutolewa. Mwaka 2025 ulikuwa dola 130 kwa kila mkazi, na majimbo madogo yana kima chao cha chini. Nyumba hugombania mgawo huo na miradi mingine. Wakopaji nao huchujwa: kwa kawaida mnunuzi asiwe amemiliki makazi yake mwenyewe kwa miaka 3 iliyopita, na bei ya nyumba isivuke kiwango kilichowekwa. Usihangaike sana na hayo. Ni kazi ya mawakili wa wakala.

Kinachokugusa mfukoni ni sharti la miaka 10. Baada ya muda huo kupita tangu hatifungani kutolewa, fedha za mikopo zinazorejeshwa haziwezi kukopeshwa upya. Lazima zitumike kukomboa hatifungani, yaani kukurudishia fedha yako kabla ya muda wake. Ongeza na wenye nyumba wanaolipa mikopo yao mapema riba ikishuka. Moja ya zangu, iliyoandikwa miaka 30, ilirudishwa vipande vipande muda mrefu kabla ya kuiva. Ukinunua kwa dola 105 kitu kitakachokombolewa kwa dola 100 zilizoandikwa juu yake, hizo 5 zinaweza kumeza riba yako yote ya mwaka. Kwa hiyo mwambie dalali akukokotolee faida kwa tarehe ya karibu kabisa ya ukombozi. Akikupa ya tarehe ya kuiva tu, usitie saini bado.