Mianga ya kaskazini: acha kuhangaika na Kp, shughulika na mawingu na fokasi

Msomaji mmoja amenitumia picha alizopiga Tromsø, kaskazini mwa Norwei, akiniuliza alikosea wapi. Mianga hiyo, yaani aurora, ilimtokea kwelikweli, ya kijani, imetanda anga nzima. Lakini kila nyota imevimba kuwa doa, na katikati ya kila picha kuna miduara myembamba, mmoja ndani ya mwingine. Inauma, kwa sababu makosa yote mawili yanazuilika kabla ya kupotea hata picha moja.

Miduara inaletwa na filta, kile kioo bapa kinachofungwa mbele ya lenzi ili isikwaruzwe. Rangi ya kijani ya aurora inatoka kwa atomi za oksijeni zilizo kilomita 100 na zaidi juu yetu, na karibu yote ina urefu mmoja wa wimbi, nanomita 557.7. Mwanga wa namna hiyo ukirukaruka kati ya nyuso mbili za kioo bapa, mawimbi yake huongezeana nguvu hapa na kufutana pale, na sensa inarekodi miduara. Hata filta ya bei mbaya inafanya hivyo, na kuifuta miduara hiyo kwenye kompyuta baadaye ni kazi isiyo na mwisho. Ivue. Tena ivue ukiwa ndani kwenye joto, maana huko nje vidole vimekufa ganzi na filta imekaza.

Fokasi ndiyo inayoua picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Gizani kamera haina cha kushika, kwa hiyo ihamishie kwenye fokasi ya mkono. Usiiamini alama ya ∞ (umbali usio na mwisho) iliyoandikwa kwenye lenzi, kwa kuwa lenzi nyingi za siku hizi huzunguka mpaka zikapita hapo. Tafuta nyota inayong'aa sana, ilete kwenye skrini, kuza mara 10, kisha zungusha pete taratibu. Nyota itapungua, itapungua, itakuwa nukta kali, halafu ukiendelea itaanza kunenepa tena. Rudi kwenye nukta. Bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya pete isisogee, piga picha moja, ikuze uikague. Kagua tena kila baada ya nusu saa na kila ukigusa zumu, kwa sababu baridi hufanya vyuma vya lenzi visinyae na fokasi huhama bila kukuaga.

Mipangilio mingine haina ugumu. Lenzi pana, milimita 14 hadi 24, ifunguliwe f/2.8 au namba ndogo zaidi ya hiyo. Anza na ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga) 1600 na sekunde 8, ukihifadhi faili ghafi za RAW, mizani ya rangi ikiwa kati ya 3500 na 4000 Kelvin. Mianga ikiwa imetulia, sekunde 10 hadi 15 zinafaa. Ikianza kucheza, shuka haraka hadi sekunde 2 au 3 na upandishe ISO hadi 3200, la sivyo mikunjo yote itayeyuka ubaki na ukungu wa kijani. Usipime mwangaza kwa kuangalia skrini, kwani gizani hata picha nyeusi huonekana nzuri. Fungua histogramu, ile grafu ya mwangaza, na uangalie hasa mstari wa kijani kama umegonga ukuta wa kulia. Zima kidhibiti mtikisiko kamera ikiwa juu ya stendi. Zima pia kile kipengele cha kusafisha chembe kwenye picha za muda mrefu, maana kwa kila picha ya sekunde 10 kamera inakaa sekunde 10 nyingine ikipiga giza, na wewe umesimama tu. Tumia taimu ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Mwenye simu aweke modi ya usiku na stendi, basi.

Sasa hiyo Kp ambayo watu wanaikesha. Kp ni kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia nzima kwa muda wa saa 3, kutoka 0 hadi 9. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini na Abisko ya Uswidi nyuzi 68, yaani mkanda wa aurora unapita juu yake moja kwa moja. Hapo Kp 2 inatosha. Kp kubwa inawasaidia walio kusini, kama dhoruba ya Mei 10, 2024, iliyofika daraja la G5, la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Na huko Tromsø kwenyewe usiku wa Mei hauna giza! Nenda kati ya Septemba na mwishoni mwa Machi. Ukitaka namba ya kufuatilia usiku wenyewe, fuatilia Bz, mwelekeo wa kaskazini-kusini wa sumaku inayoletwa na upepo wa jua: ikishuka chini ya sifuri na kukaa hapo, vaa viatu. Satelaiti zinazoipima ziko kilomita milioni 1.5 upande wa jua, kwa hiyo unapata onyo la kama nusu saa hadi saa moja.

Ila mawingu hayajui Bz. Tromsø iko baharini, na bahari huleta mawingu. Kukifunga pwani, watu huendesha gari kwenda bara kupitia Skibotn hadi Kilpisjärvi upande wa Ufini, ambako milima imeshayazuia. Abisko nayo imekingwa na milima hiyohiyo. Kwa Norwei soma Yr, huduma ya utabiri wa hali ya hewa, uangalie mawingu tabaka kwa tabaka, si ile alama ya jumla. Panga usiku 4 au 5, si mmoja.

Ukishafika, zima taa na uyape macho dakika 20. Mianga hafifu haina rangi machoni. Inaonekana kama wingu la kijivu ambalo nyota zinapenya. Ukiwa na shaka piga sekunde 5, kamera itakuonyesha kijani. Mara nyingi huanza kama upinde uliotulia. Ukingo wake wa chini ukianza kung'aa na kuingia waridi, punguza sekunde papo hapo, mlipuko unakuja na unaweza kwisha ndani ya dakika 10. Wengi wanaondoka hapo. Kosa kubwa! Anga hupumzika, kisha mara nyingi hurudia, hasa kati ya saa 3 na saa 7 usiku.

Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyoonyesha imekwisha hufufuka ikipata joto. Usipumulie lenzi, pumzi huganda juu yake. Kabla ya kurudi ndani toa kadi ya kumbukumbu, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na uiache humo saa kadhaa mpaka ipate joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utageuka matone kwenye kioo na mengine yataingia ndani ya lenzi, na usiku unaofuata utatoka na kamera yenye ukungu usiofutika kwa kitambaa.