Biskuti za Nyumbani: Kwa Nini Zangu Huwa Ngumu?

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na kila Idi inapokaribia hupenda kuwapikia wanangu na majirani biskuti kwa mikono yangu badala ya kununua za pakiti. Hutumia unga wa ngano, siagi, sukari, mayai mawili, maziwa kidogo na vijiko viwili vya beking pauda, kisha nalikanda donge vizuri kama la chapati. Hata hivyo biskuti zangu hutandaa zikawa bapa ndani ya trei, na zikipoa huwa ngumu hata watoto hulazimika kuzichovya katika chai ndipo waweze kuzitafuna. Jirani amenishauri niongeze beking pauda. Je, ndiyo dawa yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze. Kwa kiasi ulichokitaja ningekuomba upunguze, kwa sababu wepesi wa biskuti hautoki katika beking pauda bali hutoka katika siagi, na siagi yako naamini inayeyuka kabla hujaanza kazi.

Beking pauda ikikutana na unyevu na moto hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, lakini hewa hiyo hufanya kazi ya kuvipanua vitundu ambavyo tayari vimo ndani ya donge, haiwezi kuvianzisha. Vitundu hivyo huingia mapema, pale unaposugua siagi na sukari, kwa kuwa kila punje ya sukari inapopita ndani ya siagi huacha nyuma yake hewa kidogo. Siagi ikiwa ngumu kama jiwe punje hazipenyi, na ikiwa imeyeyuka haiwezi kuishika hewa hata ukiipiga mpaka mkono ufe ganzi. Hali inayofaa ni siagi iliyo baridi kidogo, ambayo ukiibonyeza kwa kidole inaacha alama lakini kidole hakitoki na mafuta, yaani kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Sasa fikiria mchana wa kaskazi pale Langoni, ambapo joto hupita nyuzi 30 na siagi huanza kulegea tangu iko mezani. Kwa hiyo fanya kazi hii usiku baada ya tarawehe au alfajiri, na bakuli la kusugulia liweke ndani ya karai lenye maji na vipande vya barafu. Sugua kwa mwiko mpaka rangi ya manjano ipauke ikaribie weupe, na ukikisugua kidogo kati ya vidole usisikie tena mchanga mchanga wa sukari. Sukari ya kawaida ya dukani ina punje kubwa, nayo huchangia biskuti kutandaa. Isage kwanza katika blenda.

Jambo la pili, nalo ndilo lililozifanya ziwe ngumu, ni huko kukanda. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukandwa huungana zikawa utando wenye kuvutika uitwao gluteni. Utando huo ndio tunaoutaka katika chapati, kwa kuwa chapati lazima ivutike bila kuchanika, lakini katika biskuti hukaza na kukauka. Mayai mawili na maziwa yameupa unga maji mengi, na mikono yako imemalizia kazi. Acha maziwa kabisa na utumie kiini cha yai moja tu. Vilevile usinunue unga uliokusudiwa chapati au mkate ikiwa duka lina ule wa keki, ambao protini zake ni chache. Ukikosa, ondoa vijiko vitatu vya chakula katika vikombe viwili vya unga wako na ujazie kiasi hicho hicho cha konflawa.

Ushahidi wa jambo hili unao jikoni kwako. Vileja vyetu vya unga wa mchele na samli humung'unyika mdomoni bila kutafunwa, na mtu aliyevipika hakutumia ufundi wa kuumua wowote wa ajabu. Mchele hauna gluteni, na samli ni mafuta karibu matupu ilhali siagi ina maji yapata sehemu moja kwa sita. Kwa maoni yangu mpishi yeyote wa pwani anayejua kileja kizuri ameshaielewa biskuti, ila hajaambiwa kwamba kanuni ni ile ile.

Vipimo ninavyokushauri ni hivi: unga gramu 250, ambao ni vikombe viwili, siagi gramu 150, sukari iliyosagwa gramu 100, kiini kimoja, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, iliki iliyotwangwa upya nusu kijiko cha chai, na chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Chunga unga pamoja na beking pauda na chumvi. Siagi na sukari zikishapauka, tia kiini na iliki, uchanganye, kisha mimina unga wote na uukusanye kwa mwiko, halafu kwa ncha za vidole, mpaka usione tena unga mkavu. Hapo simama. Donge litaonekana kama halijakamilika, lenye nyufa pembeni, na mkono wako uliozoea chapati utataka kuendelea, usiusikilize. Ukilibana linashikana, ukilipinda linavunjika, nalo liko tayari.

Lifunike uliweke kwenye friji kwa dakika 30 hadi saa nzima, ili siagi igande tena na unga unywe unyevu uliopo. Kisha fanya viduara vya ukubwa wa limau dogo, uvibonyeze kidogo kwa uma, uvipange kwa nafasi juu ya karatasi ya kuokea. Trei usiipake mafuta, kwani biskuti huteleza juu yake na kutandaa. Oka kwenye nyuzi 170 hadi 175, katika oveni ambayo imekwisha kupata moto, kwa dakika 12 hadi 15. Zitoe pindi kingo zinapogeuka rangi ya dhahabu, ingawa juu bado ni nyeupe na ukizigusa ni laini. Hapa wengi huogopa wakazirudisha motoni, nazo hutoka kavu kama mbao, kumbe biskuti hukauka na kushikana zinapopoa. Trei iliyotoka motoni isipangwe biskuti za mkupuo wa pili mpaka ipoe, la sivyo siagi itayeyuka kabla oveni haijafungwa.

Na kabla ya yote, ijaribu hiyo beking pauda yako kwa kutia kijiko kimoja katika maji ya moto. Isipotoa povu kwa nguvu, imekufa. Magadi ya kupikia maharage usiyatie mahali pake, kwa sababu hayana kitu kichachu cha kuyaamsha kama kilichomo ndani ya beking pauda, na yakizidi biskuti huwa na ladha ya sabuni.

SWALI: Asalaam alaikum, Shangazi. Mimi ni kijana wa Malindi, nimepanga chumba na sina oveni, ila nina jiko la makaa na sufuria kubwa. Kila nikijaribu biskuti huungua chini zikiwa mbichi juu. Je, niache?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Usiache, kwani mama zetu wameoka mikate ya mayai kwa makaa miaka yote na ikatoka sawasawa. Kosa liko katika mgawanyo wa moto. Tandaza mchanga safi na mkavu ndani ya sufuria, chini kabisa, unene wa vidole viwili, uweke juu yake kiweko cha chuma au mawe matatu madogo yaliyo sawa, na trei ikae hapo bila kugusa mchanga. Mchanga huupokea moto wa makaa na kuusambaza polepole. Funika kwa bati bapa au sinia la chuma, na juu yake upalie makaa. Kwa biskuti, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, takriban mara mbili.

Pasha sufuria kwa robo saa kabla ya kuingiza chochote. Ili ujue moto umefika, nyunyiza unga kijiko kimoja juu ya sahani ya bati uiweke ndani: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika tano, moto ni wa kadiri na unafaa, ukigeuka hudhurungi kwa dakika mbili au tatu, toa makaa ya chini. Oka biskuti chache kwa kila mkupuo, na usifunue kabla ya dakika kumi, maana kila ukifunua moto wa juu wote hukimbia. Fanyia kazi hii uani au mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa makaa hutoa hewa yenye sumu isiyonuka.

SWALI: Shangazi, biskuti zangu hutoka vizuri, lakini baada ya siku mbili hulegea. Naishi Shela, karibu na ufuo.

JIBU: Hewa ya Shela ina unyevu mwingi, na sukari huuvuta unyevu huo. Acha biskuti zipoe kabisa juu ya waya, maana zikifungwa zikiwa na uvuguvugu hutoa mvuke unaozilegeza zenyewe. Kisha zitie kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Zilizokwisha kulegea zirudishe katika oveni yenye nyuzi 150 kwa dakika tano, uziache zipoe, nazo zitakuwa kavu tena. Ukipika za nazi, nazi ikunwe na kukaangwa bila mafuta mpaka ikauke ndipo iingie katika donge, na biskuti hizo zipate kopo lake peke yake, kwa sababu unyevu na harufu yake huhamia katika nyingine.