Diski Haichomoki Mahali Pake: Maswali Yenu Kuhusu Uti wa Mgongo

Maswali ya mgongo yamekuwa mengi kiasi kwamba safu nzima ya toleo hili tumewaachia wenye mgongo. Kabla ya barua yenyewe, hesabu kidogo itakayotusaidia mbele. Pingili zinazojongea ni 24: 7 za shingo, 12 zinazobeba mbavu na 5 za kiuno. Chini yake iko sakramu, ambayo ni pingili 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja, kisha kifandugu. Diski, yaani mito iliyo kati ya pingili na pingili, ni 23 tu, kwa sababu fuvu linakaa juu ya pingili ya kwanza bila diski, na pingili ya kwanza inazunguka juu ya ya pili bila diski. Kwingine kote pingili mbili hukutana mahali patatu: diski mbele, na viungo viwili vidogo nyuma, kimoja kila upande.

Niliinama kuchukua mzigo uliokuwa ubavuni kwangu, nikahisi kitu kimekatika kiunoni. Sasa maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Nimeambiwa diski imechomoka, na jirani ananishauri nikakanyagwe mgongo ili irudi. Je, itarudi?

Tafadhali usikanyagwe. Hakuna kitu cha kurudisha, na uzito wa mtu juu ya mgongo uliopinda kwa maumivu unaweza kusukuma nje zaidi kile kilichokwisha kutoka.

Diski haina pa kuchomokea. Juu na chini imeshikamana na pingili kwa bamba jembamba la gegedu, lisilozidi milimita 1 hivi, na nyuzi zake za pembeni zimezama ndani ya mfupa wenyewe. Katikati kuna kiini, ute mzito ambao kwa kijana zaidi ya robo tatu yake ni maji. Kiini kimezungushiwa ganda la nyuzi za kolajeni lenye tabaka kati ya 15 na 25. Nyuzi za kila tabaka zimelala mshazari, kama digrii 30 kutoka usawa wa diski, na tabaka linalofuata limelala mshazari wa upande wa pili.

Mpangilio huo ndio unaoeleza kilichokupata. Ukibanwa kwa uzito ulionyooka, kiini husukuma pande zote na tabaka zote hugawana kazi. Ukizungusha kiuno kugeukia ubavuni, ni nyuzi za mshazari mmoja tu zinazokazika, na za mshazari mwingine hulegea, hivyo nusu ya ganda inabeba kazi ya ganda zima. Ongeza kuinama, ambako hufinya diski upande wa mbele na kuvuta ganda la nyuma, kisha ongeza mzigo ulio mbali na mwili. Ganda la nyuma ndilo jembamba zaidi. Mara nyingi lilikuwa limeanza kupata nyufa muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Kiini kikipenya hukutana na ligamenti ndefu ya nyuma, ukanda unaoshuka nyuma ya pingili zote, ndani ya mfereji wa uti. Shingoni ukanda huu ni mpana. Kiunoni, ambako uzito ni mkubwa kuliko kote, umekuwa mwembamba na unalinda katikati tu. Kwa hiyo kiini hutokea pembeni kidogo, kulia au kushoto, na hapo hapo ndipo neva inapopita. Mguu wako mmoja kuuma na mwingine kuwa mzima kunatokana na hilo. Diski mbili za mwisho, iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno na iliyo kati ya ya 5 na sakramu, ndizo zinazohusika karibu kila mara.

Maumivu hayo hayaletwi na kubanwa peke yake. Kiini kimeishi miaka yote kikiwa kimefungiwa mbali na damu, na kikimwagika mwili hukishughulikia kama kitu kigeni: neva huvimba na kuwaka. Lakini mwitikio huo huo ndio unaoleta nafuu. Chembe za damu hukila kipande kilichotoka, na vipande vikubwa vilivyopenya kabisa hupungua mara nyingi zaidi kuliko uvimbe mdogo uliobaki ndani ya ganda. Watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji.

Wakati huo fanya hivi. Siku moja au mbili za mwanzo lala chali sakafuni juu ya mkeka au godoro gumu, mashavu ya miguu yakiwa juu ya kiti, nyonga na magoti vimekunjwa digrii 90. Kaa hivyo dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Kuamka, usijivute kwa tumbo: kunja magoti, geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Baada ya siku hizo mbili anza kutembea, dakika 5 hadi 10 kwa mara, na uongeze kadiri mguu unavyoruhusu. Kulala kitandani wiki nzima hudhoofisha misuli na hakuponyi diski. Na hapa wengi hushtuka bure: maumivu yakihama kutoka unyayoni kupanda gotini, kisha pajani, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, hiyo ni dalili nzuri. Yakizidi kushuka chini, punguza ulichokuwa unafanya.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja asubuhi, ukipata mojawapo ya haya: ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, haja kubwa kukuponyoka, miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au unyayo kuning'inia usiweze kuunyanyua. Neva za kibofu zikikaa zimebanwa zinaweza zisirudi tena.

Nasomea uuguzi. Kwa nini diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno hubana neva ya 5 na si ya 4?

Kwa sababu neva ya 4 imeshaondoka. Kiunoni kila neva hutoka chini ya pingili yenye namba yake, ikiwa imejibana sehemu ya juu ya tundu la kutokea lililo kati ya pingili mbili, kwa hiyo neva ya 4 huwa nje tayari kabla ya kufika usawa wa diski. Neva ya 5 ndiyo inayopita nyuma ya ukingo wa diski hiyo ikielekea tundu lake la chini. Neva ya 4 hubanwa na diski hiyo pale tu kiini kinapotokea nje zaidi, tunduni kwenyewe au kupita hapo.

Shingoni hesabu hubadilika. Pingili ni 7 lakini neva ni 8, na kila neva hutoka juu ya pingili yake, isipokuwa ya 8 inayotoka chini ya pingili ya 7. Diski ya 5 na 6 hubana neva ya 6, na diski ya 6 na 7 hubana neva ya 7. Kumbuka pia kwamba ugwe mgongo, ule mkonga wa neva ulio ndani ya mfereji wa uti, huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo diski hubana mizizi ya neva; shingoni inaweza kubana ugwe wenyewe. Mgonjwa wa shingo anayeshindwa kufunga vifungo vya shati na kuyumba akitembea asipewe dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani.

Wodini unaweza kupima hivi. Neva ya 4 ya kiuno: gonga chini ya pia ya goti, mruko hupungua. Neva ya 5: mwambie anyanyue kidole gumba cha mguu huku ukikikandamiza, na atembee kwa visigino. Neva ya 1 ya sakramu: asimame kwa ncha za mguu mmoja mara kadhaa mfululizo, na ugonge nyuma ya kifundo.

Mbona mgongo ni mgumu sana asubuhi, na baada ya kutembea kidogo unalegea?

Usiku, uzito ukiwa umeondoka, diski hunyonya maji. Mtu mzima huamka akiwa mrefu kwa sentimita 1 hadi 2 kuliko alivyolala, na karibu nusu ya urefu huo hupotea ndani ya saa moja ya kwanza. Diski iliyojaa maji imetanuka na ganda lake limekazwa, hivyo kuinama wakati huo huivuta zaidi kuliko mchana. Mwenye mgongo unaouma ahamishe kazi za kuinama na kunyanyua vizito angalau saa moja baada ya kuamka, na avae viatu akiwa amekaa, mguu mmoja juu ya paja la mwingine. Tena diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu katikati yake. Chakula huingia polepole kupitia yale mabamba ya gegedu, na kubadili mkao husaidia maji yaingie na kutoka. Ukikaa kazini, simama kila nusu saa hata kwa dakika moja. Lakini ugumu unaodumu zaidi ya nusu saa kila asubuhi kwa miezi, hasa kwa kijana, uonwe na daktari, maana kuna magonjwa ya uvimbe wa viungo yanayoanza hivyo.

Picha ya MRI inasema diski zangu tatu zimechakaa. Nina miaka 41. Nimekwisha?

Hapana. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha matokeo ya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilikadiriwa kuwepo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha ina maana pale tu inapolingana na upande, njia ya maumivu na vipimo vya neva.

Nikijinyoosha mgongo unalia "ko!" Je, mafuta yameisha?

Diski hazina mafuta. Viungo vidogo vya nyuma ndivyo vyenye ute, na mlio huo ni wa kipovu cha gesi ndani ya ute pale nyuso za kiungo zinapoachana. Ndiyo maana hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Bila maumivu, hakuna tatizo.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67. Akitembea kidogo miguu inakuwa mizito na kufa ganzi, akiinama au kukaa anapona. Wengine wanasema ni damu haifiki miguuni.

Marahaba. Yawezekana mfereji wa uti umekuwa mwembamba. Nyuma ya mfereji huo ziko ligamenti za manjano, zinazounganisha pingili kwa pingili. Sehemu yake kubwa ni elastini, protini inayovutika. Umri ukienda diski hupungua kimo, viungo vya nyuma huota mfupa pembeni, na ligamenti hizo hunenepa. Akisimama wima, ligamenti hizo hujikunja kuingia mferejini. Akiinama huvutika na kuacha nafasi.

Kutofautisha na damu si vigumu. Anayekosa damu hupata nafuu akisimama tu, wima vile vile. Wa mfereji lazima ainame au akae. Wa mfereji hupanda mlima kwa urahisi kuliko kuteremka, na huendesha baiskeli mbali kwa kuwa ameinama. Hata hivyo mapigo ya damu kwenye nyayo yapimwe, kwani mtu wa umri huo anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa sasa atembee akiwa ameegemea mkongojo wa magurudumu ulioshushwa kidogo, apumzike kabla miguu haijafa ganzi, na nyumbani avute magoti yote mawili kifuani akiwa amelala chali, sekunde 20 hadi 30, mara tano. Mazoezi ya kujipinda nyuma, ambayo huenda yakamfaa mwenye diski, yeye ayaache. Umbali anaoweza kutembea uandikeni kila wiki. Ukizidi kupungua, au miguu ikianza kuishiwa nguvu hata akiwa amekaa, mpelekeni kwa daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo mkiwa na hesabu hiyo mkononi.