Mwaga maji kabla ya kununua barakoa

Ukimwambia mtu wa Mwanza kuwa unasomea usafi wa viwanda, atakuonyesha fagio. Fagio hilo ndilo kitu cha kwanza cha kupiga marufuku, maana kufagia vumbi kavu ni kulirudisha puani kwa watu. Afadhali tuiite afya kazini: kubashiri hatari, kuitambua, kuipima, kisha kuidhibiti. Wanaoanza wengi huruka hatua tatu na kwenda moja kwa moja kununua barakoa.

Anza na mawe, maana hapa hayakosekani. Milima hii ni granaiti, na granaiti ina kwatzi, yaani silika. Anayeponda kokoto kwa nyundo na anayelisha krasha, mashine ya kuvunjia mawe, wote wanaivuta. Wingu unaloliona likiruka silo hatari kubwa zaidi. Hewa ikiwa imetulia, chembe ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huanguka kutoka usawa wa pua hadi chini kwa takriban dakika 3, lakini ya mikroni 1 huchukua saa 5 hivi. Ile kubwa hunaswa puani. Ile ndogo, isiyoonekana, ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Kwa hiyo krasha likizimwa na pakaonekana shwari, usiwaruhusu watu wavue barakoa na kufungua vyakula papo hapo.

Makovu hayo ni silikosisi. Haina tiba, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka mingi, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwenye picha ya eksirei magonjwa haya mawili huweza kufanana, hivyo mgonjwa akienda kupimwa aseme mwenyewe kazi yake na miaka aliyoifanya. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwahimiza madaktari wenzake kuuliza kazi ya mgonjwa tangu mwaka 1700. Bado swali hilo husahaulika.

Kupima kunahitaji pampu ndogo ya kiunoni, mpira wa kupitishia hewa, na kichujio kilichowekwa juu ya saikloni, kifaa kinachotupa chembe kubwa na kupitisha zile zinazofika mapafuni. Baadhi ya saikloni hutaka lita 2.2 za hewa kwa dakika, lakini soma maelezo ya ile uliyonayo. Kichujio na saikloni yake vifunge kwenye ukosi, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Ukiviweka mezani umepima vumbi la meza. Pima mwendo wa hewa kabla na baada ya zamu; tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo usiitumie. Kosa moja linaloharibu sampuli ni kupindua saikloni wakati wa kuivua: vumbi kubwa lililokaa chini humwagika juu ya kichujio, na jibu linatoka la kutisha bure. Beba pia kichujio kimoja kisichovuta hewa, upate cha kulinganishia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita 2.2 kwa dakika 480 ni lita 1,056, yaani mita za ujazo 1.056. Tuseme kichujio kimeongezeka miligramu 0.9: hiyo ni 0.85 kwa kila mita ya ujazo. Maabara ikikuta asilimia 20 ni kwatzi, una 0.17. Kikomo cha silika hewani kazini ambacho Marekani iliweka mwaka 2016 ni 0.05.

Sasa dhibiti. Maji yaguse jiwe kabla halijavunjika, mdomoni mwa krasha na pale kokoto zinapodondoka kutoka kwenye mkanda. Nyunyiza kama ukungu, jiwe lilowe bila kufanya tope. Ukisubiri vumbi liruke ndipo umwagie, utalinasa kidogo tu. Kisha angalia upepo. Mchana kwa kawaida huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka, kwa hiyo wapondaji wa mchana wakae upande wa ziwa kuliko krasha. Kubadilishana zamu hakupunguzi vumbi. Kunaligawa kwa watu wengi zaidi.

Barakoa ije mwisho, na iwe N95, ile inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, iliyokaa vizuri usoni. Ndevu huiachia mianya. Kanga iliyofungwa puani huzuia mchanga, silika inapita.

Kwenye viwanda vya minofu ya sangara, chunga kwanza stoo ya dawa za kusafishia: klorini isikae karibu na tindikali, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya kuchoma mapafu. Kelele unaweza kuzikadiria bila kifaa: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, huenda kelele zimeshafika desibeli 85. Kwa kipimo kinachotumika sana, kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata nusu ya muda salama, kwa hiyo saa 8 kwa 85 huwa saa 4 kwa 88.

Kwenye kuchambua pamba, ulizia kifua kubana. Vumbi la pamba hushika siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha mtu hupata nafuu wiki ikiendelea, mwishowe linakuwa la kila siku. Ukienda Ijumaa watakwambia wako salama. Nenda Jumatatu jioni, zamu inapotoka.